Maisha ya Levi Colbert, Mkuu wa Wachickasaw

Jioni hii twataka kuwasimulia habari za mkuu mmoja wa Wachickasaw, ambao ni kabila moja la wenyeji wa asili wa Marekani. Jina lake la Kizungu ni Levi Colbert. Watu wake walimwita Itawamba Minko, na neno minko katika lugha yao maana yake ni mkuu. Twamchagua yeye kwa kuwa vita yake kubwa ilikuwa vita ya maneno na karatasi, na vita ya namna hiyo yaweza kumfikia mtu ye yote mwenye shamba.

Wachickasaw walikaa katika nchi ambayo sasa ni kaskazini ya Mississippi, pamoja na sehemu za Alabama, Tennessee na Kentucky. Hawakuwa wengi, lakini walikuwa hodari sana. Mwaka wa 1736 majeshi ya Wafaransa yaliwaendea mara mbili, na mara zote mbili yakashindwa.

Colbert alizaliwa yapata mwaka wa 1759. Baba yake, James Logan Colbert, alikuwa mfanya biashara mwenye asili ya Scotland. Mama yake alikuwa Mchickasaw. Kwa desturi yao mtoto huhesabiwa katika ukoo wa mama, basi Levi na nduguze walikuwa Wachickasaw halisi mbele ya watu wote. Alipokuwa mtu mzima alikaa karibu na Cotton Gin Port, penye mto Tombigbee, akawa na mashamba, mifugo na biashara. Kabila lilikuwa na mfalme wake, lakini palipokuwa na shauri la Wazungu, watu walimtazama Colbert.

Hatutaki kumsifu kupita kweli. Mashamba yake yalilimwa na watumwa wenye asili ya Afrika. Tena mwaka wa 1818, Wachickasaw walipoitoa nchi yao ya magharibi ya Tennessee na Kentucky kwa dola 20,000 kila mwaka kwa miaka 15, Levi na ndugu yake George walipewa fedha zao mbali, nazo walizipokea. Wajumbe wa Serikali, mmoja wao Andrew Jackson, walijua vema kwamba kumpata mkuu ni nusu ya kuipata nchi.

Lakini mwaka wa 1826 wajumbe walipokuja tena kuitaka nchi iliyobaki, walimkuta mtu mwingine. Colbert aliwajibu kwamba nchi ile ni ya baba zao, na kwamba kulihamisha taifa ni kama kuung'oa mti mzee na kuupanda mahali pengine: utanyauka na kufa. Wajumbe wakarudi mikono mitupu.

Basi ikaja njia nyingine ya kuwashinda. Mwezi wa Januari 1830 jimbo la Mississippi lilitunga sheria ya kuzifuta serikali za wenyeji. Mtu atakayefanya kazi ya ukuu aliweza kutozwa faini ya dola 1,000 na kufungwa miezi 12. Mwezi wa Mei mwaka ule ule ikapitishwa sheria ya Marekani ya kuwahamisha wenyeji wavuke mto Mississippi. Jackson sasa alikuwa Rais. Mwezi wa Agosti alikwenda mwenyewe Franklin, katika Tennessee, akakutana na wakuu, akawaambia kwamba hana nguvu ya kuwakinga na sheria za majimbo.

Fikirini, wasikilizaji wetu, Colbert alikuwa na shauri gani. Akikataa, watu wake watabaki chini ya sheria isiyowatambua. Akikubali, mti utang'olewa. Wakuu walikubali kwa sharti moja: wahame ikiwa tu watapata nchi ya magharibi inayowafaa. Colbert akaongoza watu kwenda kuitazama nchi ile, wala hawakupata nchi waliyoweza kuipata na kuridhika nayo. Kwa hiyo mapatano yale yakabatilika, kama sharti lilivyosema.

Mwaka wa 1832 John Coffee, rafiki wa Rais wa siku nyingi, alitumwa kufanya mapatano mapya. Tarehe 20 Oktoba, penye kijito cha Pontotoc, Wachickasaw walitoa nchi yao yote iliyobaki, zaidi ya eka milioni 6. Nchi ilikuwa ipimwe na kuuzwa, na fedha yake, baada ya kuondoa gharama, iwe akiba ya taifa.

Mwezi mmoja tu ulipita. Tarehe 22 Novemba Colbert na wakuu wenzake walimpelekea Rais barua ndefu, wakilalamika juu ya namna Coffee alivyoendesha baraza, na kusema kwamba yaliyoandikwa hayakuwa yale waliyoyataka. Hapa ndipo tunaposimama sisi tulio walimu. Mzee huyu alizungumza na wajumbe wa Serikali miaka mingi, na bado katika mikataba hakuandika jina lake. Alitia alama ya msalaba, na karani akaandika jina kando yake. Shule ya misheni, jina lake Charity Hall, ilifunguliwa karibu na Cotton Gin Port mwaka wa 1820, lakini wakati huo yeye alikuwa amekwisha pita miaka 60.

Hata hivyo hakunyamaza. Alama ilikuwa imekwisha tiwa, naye akadai kwamba mapatano yatengenezwe. Wajumbe wakatumwa Washington, na tarehe 24 Mei 1834 mapatano yakabadilishwa. Kila mwenye nyumba alipewa shamba kwa jina lake mwenyewe: nyumba ya watu 10 au zaidi ilipata eka 2,560. Ikawekwa tena kamati ya wakuu ya kuangalia nani anaweza kuuza shamba lake bila kudanganywa. Colbert mwenyewe hakufika Washington. Ugonjwa ulimshika njiani, akafa mwezi wa Juni mwaka ule katika Alabama.

Wachickasaw walianza kuhama mwaka wa 1837, baada ya kuwalipa Wachoctaw dola 530,000 ili wapate mahali pa kukaa katika nchi yao ya magharibi. Gharama za safari zilitoka katika fedha ya nchi yao wenyewe iliyouzwa. Ndui iliwaua watu wengi. Pamoja nao walikwenda watumwa zaidi ya 1,000, ambao hakuna aliyewauliza shauri lo lote; hao hawakuwekwa huru mpaka mapatano ya mwaka wa 1866.

Je, mti ule ulikufa? Ulinyauka, lakini haukufa. Mwaka wa 1856 Wachickasaw walijiandikia katiba, wakamchagua gavana wao wa kwanza, Cyrus Harris. Hata leo wako katika Oklahoma, wenye serikali yao na shule zao. Na huko Mississippi iko wilaya iitwayo Itawamba, kwa jina la mzee yule ambaye watu wake hawakuruhusiwa kubaki.

Basi wanafunzi, mkichoka na kalamu, ukumbukeni msalaba ule. Na ninyi wazee, msitie alama penye karatasi ambayo hamjasomewa neno kwa neno na mtu mnayemwamini. Colbert alikuwa na akili, na ulimi, na heshima mbele ya watu. Kilichompungukia ni kuyasoma mwenyewe maneno yaliyoandikwa kwa jina lake.