Kabla Hujaondoka Kasanda

Msikilizaji, wewe unayetoka Kasanda kwenda Kibondo au Kasulu masika haya, hebu lishushe tairi la spea ulitazame. Wengi hulibeba likiwa halina upepo. Kwenye udongo laini jeki huzama, basi weka na kipande cha ubao mnene cha kuikalishia. Usisahau spana ya magurudumu, tochi, maji ya kunywa na mtungi wa kuzimia moto ambao muda wake haujapita.

Gari likiharibika, lisogeze pembeni, washa taa za tahadhari, kisha weka pembetatu zinazoakisi mwanga, moja mbele na moja nyuma, mbali na gari. Matawi ya miti tuliyoyazoea hayaonekani usiku! Mlimani, kingia magurudumu kwa mawe, na ukishatengeneza uyaondoe barabarani. Mawe yaliyoachwa huangusha bodaboda. Huo ni uzembe, si bahati mbaya. Rejeta ikichemka, usifungue kifuniko mpaka ipoe.

Abiria wakae nje ya barabara, si nyuma ya gari.

Andika namba hizi sasa: polisi 112, Zimamoto 114. Chaji simu yako kabla hujawasha gari.