Mbio za Magari Zina Uwanja Wake: Maneno kwa Madereva Vijana wa Arua na Koboko



Baadhi ya wazee wametuuliza, tena kwa haki, inakuwaje polisi wawaite vijana na kuwaeleza namna ya kukimbiza gari. Tulijibu swali hilo kwanza. Barabara ya Vurra, Arua, Koboko hadi Oraba, yenye urefu wa kilomita 92 hivi, ilipotiwa lami, ilileta biashara, na ilileta pia kishawishi. Kijana aliyezoea vumbi na mashimo ameona lami iliyonyooka, na giza linapoanza kuingia humkuta amesimama sambamba na mwenzake, injini zinanguruma, dau limewekwa. Tunawafukuza; wanaondoka leo, kesho wako kilomita tano mbele. Kumfukuza kijana bila kumwonyesha pa kwenda ni kukihamishia kijiji cha jirani hatari ileile.

Hatukuanza sisi kulifikiri jambo hili. Huko California, Marekani, baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, vijana walishindana usiku barabarani kama wanavyofanya wa kwetu. Mwaka 1950 sehemu ya uwanja wa ndege wa Santa Ana ilianza kutumika kwa mbio za dragi, yaani magari mawili kuondoka yakiwa yamesimama na kukimbia moja kwa moja umbali mfupi. Mwaka 1951 Wally Parks alianzisha chama cha NHRA ili mchezo huo utolewe barabarani na kuwekewa kanuni. Katika mji wa Pomona aliyewaunga mkono vijana wapate uwanja alikuwa mkuu wa polisi mwenyewe, Ralph Parker. Na sajini wake, Bud Coons, mwaka 1954 aliongoza kikundi kilichozunguka nchi kikionyesha miji mingine namna ya kuendesha mbio kwa usalama. Polisi hao hawakuwa wapenda makelele. Walichoka kuokota majeruhi.

Sasa hesabu, maana hapa ndipo penye uzito. Umbali wa kawaida wa dragi ni robo maili, yaani mita 402. Gari la kawaida la familia linaloumaliza umbali huo kwa sekunde 16 hufika mwisho likiwa na mwendo unaokaribia kilomita 140 kwa saa. Kwa mwendo huo gari hupita mita 39 katika sekunde moja, kabla mguu haujaifikia breki. Hata breki zikiwa nzima na lami ikiwa kavu, litahitaji zaidi ya mita mia nyingine kusimama. Uwanjani mita hizo zimeachwa wazi kwa makusudi. Kati ya Koboko na Oraba mita hizo zina mbuzi, zina baiskeli yenye magunia ya makaa, zina lori lililoharibika bila taa, zina mtoto aliyetumwa chumvi.

West Nile haina uwanja wa dragi. Uwanja wa Busiika, unaojulikana sana kwa wapenzi wa mchezo huu nchini, uko Luweero, tena ni wa udongo na wa kuzunguka. Kwa hiyo mkialikwa kwenye mbio za dragi, iwe Uganda au nchi jirani, ulizeni kwanza: nani anaandaa? Je, klabu hiyo inatambuliwa na shirikisho la mchezo wa magari la nchi hiyo? Je, gari la wagonjwa na wazima moto watakuwapo tangu mbio ya kwanza hadi ya mwisho? Mwandaaji akijibu kwamba hospitali haiko mbali, rudini nyumbani.

Gari litakaguliwa kabla ya kuruhusiwa kuingia. Msingoje mkaguzi awaambie mliyoweza kuyaona wenyewe. Betri ifungwe isitikisike. Nati za magurudumu zikazwe kwa spana, si kwa kukisia, na vifuniko vya magurudumu vitolewe. Pasivuje kitu chochote, iwe oili, mafuta au maji, kwa sababu tone la oili kwenye njia humwangusha anayefuata, siyo wewe. Pedali ya mafuta ikiachwa irudi yenyewe upesi. Mkanda wa kiti uwe mzima. Tazameni pia umri wa tairi, hasa nyinyi mnaonunua zilizotumika: ubavuni mna tarakimu nne, mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka. Iliyoandikwa 2312 ilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2012. Meno yake yanaweza kuwa marefu na mpira ukawa umekwisha kuzeeka.

Kisha toeni kila kitu kilicho ndani: jeki, tairi ya akiba, chupa ya maji ambayo itabingirika hadi chini ya breki. Na madumu ya petroli, ambayo sisi watu wa mpakani tumezoea kuyabeba kana kwamba ni maji ya kunywa, yasikaribie uwanja ndani ya gari. Dereva avae viatu vilivyofungwa, suruali ndefu, shati la pamba lenye mikono mirefu, na kofia ngumu ya aina inayotakiwa na mwandaaji. Nguo ya nailoni huyeyuka ikashika ngozi.

Siku yenyewe kuna mkutano wa madereva asubuhi. Msiukose, hata kama mnadhani mnajua. Kabla ya kufika mstari wa kuanzia huwa pamemwagwa maji kwa ajili ya tairi maalumu za mbio. Mwenye tairi za kawaida apite kando, kwa kuwa maji hayo yatajaa kwenye meno ya tairi na kumtelezesha. Mkisogea mstarini, taa mbili ndogo zitawaonyesha kwamba mmefika mahali pake. Halafu huja taa za njano, kisha kijani. Anayeondoka kabla ya kijani huwashiwa nyekundu na ameshindwa.

Hapa wengi hukosea. Saa ya kupima muda wako huanza gari linapoondoka, si taa inapowaka. Ukichelewa kidogo kwenye kijani, unaweza kushindwa na mwenzako, lakini muda wako wa gari hauharibiki. Basi mara ya kwanza mwacheni mwenzenu aende. Ondokeni kwa utulivu, mkae katikati ya njia yenu, mfike mwisho, mpunguze mwendo polepole na kutoka kwenye njia ya kurudia. Gari likiyumba, ondoeni mguu kwenye mafuta. Msiuvuke mstari wa katikati kwa ajili ya kushinda. Karatasi mtakayopewa ina muda na mwendo wenu. Iwekeni, na mbio inayofuata mbadilishe jambo moja tu, kama vile upepo wa tairi, ili mjue kilichosaidia.

Kuhusu hati, gari lenye namba za Congo au Sudan Kusini liwe na karatasi za forodha zitakazokuwa halali hadi siku ya kurudi. Someni pia mkataba wa bima, kwa kuwa bima nyingi hazigusi gari lililo mashindanoni. Na wale mliojifunzia udereva Ariwara au Kaya, ambako watu huendesha upande wa kulia, kumbukeni upande wa kushoto hata mkiwa na uchovu.

Uchovu huo ndio tunaouogopa kuliko mbio zenyewe. Gari lililoshindana mchana ndilo litakalowarudisha. Kutoka Kampala hadi Arua ni karibu kilomita 480, na kati ya Karuma na Pakwach wanyama wa mbuga huvuka usiku. Nendeni na dereva wa pili ambaye hakushindana, mlale huko, mwondoke kumekucha.

Atakayekutwa akishindana barabarani tutampeleka mahakamani, hilo halijabadilika. Lakini atakayepata tangazo la mbio na kulitilia shaka, alilete kwenye ofisi ya uhusiano na jamii katika kituo cha polisi kilicho karibu naye, nasi tutaulizia kabla hajalipa kiingilio. Wazazi nao wanaweza kuja.

Sasa tunapokea maswali. Tuanze na mzee wetu wa Oraba, ambaye ameinua mkono kitambo.