Umeme wa Jirani: Kutoka Jinja hadi Olkaria



Mwezi Aprili 1979, siku chache baada ya Kampala kutekwa, vikosi vya Jeshi la Wananchi wa Tanzania viliingia Jinja. Pale Jinja, mahali ambapo Mto Nile unaliaga Ziwa Victoria na kuanza safari yake ndefu ya kaskazini, palikuwa na kitu chenye thamani kuliko mji wenyewe. Kitu hicho ni bwawa la Owen Falls, lililofunguliwa mwaka 1954, ambalo siku hizi huitwa Nalubaale. Bwawa hilo ndilo lililokuwa likifua umeme wa Uganda karibu wote. Askari aliyepata kuona vita anafahamu kwamba jeshi linalokimbia huweza kuharibu kwa saa moja kitu kilichojengwa kwa miaka sita. Safari hiyo haikuwa hivyo. Bwawa lilitwaliwa likiwa zima, na mitambo yake ikaendelea kufanya kazi.

Laiti lingevunjwa, kilio kisingesikika Uganda peke yake. Tangu mwaka 1958 Kenya nayo ilikuwa ikinunua umeme wa Owen Falls, ukipita Tororo na kufika mpaka Nairobi, kiasi cha megawati 30. Kenya haikuwa katika vita vile. Hata hivyo sehemu ya taa zake na viwanda vyake ilikuwa ikining'inia juu ya nyaya zilizoanzia katika uwanja wa mapigano wa watu wengine. Hilo ni jambo la kufikiriwa na kila mtu ambaye kazi yake ni ulinzi, na ndilo linalofanya habari za umeme wa jirani zistahili kuzungumzwa mbele ya majeshi na polisi, badala ya kuachiwa mafundi na wanafunzi wa vyuo.

Kenya haikukaa ikingoja. Miaka kumi baada ya kuanza kununua umeme wa Uganda, yaani mwaka 1968, ilifungua kituo cha Kindaruma katika Mto Tana. Vikafuata Kamburu mwaka 1974, Gitaru mwaka 1978, Masinga mwaka 1981 na Kiambere mwaka 1988. Aliyepanga kazi ile alikuwa na akili ya ubahili, na katika mambo ya maji ubahili ni sifa njema. Maji hukusanywa kwanza katika bwawa kubwa la Masinga, lililo juu kuliko mengine. Yakifunguliwa huzungusha mashine za hapo, kisha huteremka Kamburu yakazungusha tena, kisha Gitaru, kisha Kindaruma, kisha Kiambere. Tone moja la maji hutumwa kazi mara tano kabla ya kuachiwa liende zake baharini.

Lakini vituo vyote vitano vinakunywa mto mmoja. Mto huo unapata maji yake katika Mlima Kenya na milima ya Nyandarua, na milima hiyo inapata maji yake mbinguni. Kikosi kizima kikitegemea kisima kimoja, adui hana haja ya kurusha risasi; atangoja kisima kikauke. Hivyo ndivyo ilivyotokea katika ukame wa miaka ya 1999 na 2000. Maji yalipungua mabwawani, umeme ukagawiwa kwa zamu, viwanda vikafunga milango saa za mchana, na mtu aliyeishi kwa kuchomelea vyuma au kuuza samaki wa barafu akajikuta hana kazi kwa sababu mvua haikunyesha mahali asipopajua.

Dawa ya haraka iliyotumika wakati ule ilikuwa mafuta. Serikali ya Kenya ilikodi mitambo ya dizeli ili kuziba pengo. Mafuta yana sifa yake, na ingekuwa si haki kuificha: mtambo wa dizeli hufungwa kwa miezi michache, hauulizi habari za mvua, na huwaka saa ile ile unapotakiwa. Ubaya wake ni kwamba hauna kwao. Kila pipa hufika Mombasa kwa meli, na bei yake huamuliwa na watu walio mbali sana na Mombasa. Kati ya Oktoba 1973 na Januari 1974 bei ya pipa moja la mafuta ghafi ilipanda kutoka kama dola 3 hadi karibu dola 12. Ilipanda tena mwaka 1979 kwa sababu ya mapinduzi ya Iran. Hakuna nchi ya Afrika Mashariki iliyoshauriwa katika mambo hayo, na zote zililipa.

Yafaa ikumbukwe kwamba Kenya ilikuwa imejiandaa vizuri kuliko wengi. Ilikuwa na kiwanda cha kusafishia mafuta pale Changamwe, Mombasa, kilichoanza kazi mwaka 1963, na tangu mwaka 1978 ikawa na bomba la kupeleka mafuta Nairobi. Kiwanda hicho kiliacha kusafisha mafuta mwaka 2013. Tangu hapo mafuta huingia yakiwa yamekwisha kusafishwa kwingine. Likaja wazo la makaa ya mawe. Palipangwa kujengwa kituo kikubwa cha megawati zaidi ya 1,000 katika kaunti ya Lamu, kitakachochoma makaa kutoka ng'ambo. Wenyeji walipinga, wakihofia uvuvi wao, hewa yao na mji wao mkongwe, na mwezi Juni 2019 baraza la mazingira la nchi hiyo lilifuta kibali cha mradi. Kuagiza makaa kwa meli ili kuepuka mafuta yaletwayo kwa meli ni kubadili abiria na kuacha chombo kile kile.

Sasa tuelekee Olkaria. Mahali hapo pako karibu na Ziwa Naivasha, ndani ya Bonde la Ufa, ambako gamba la dunia ni jembamba na mawe ya moto hayako mbali sana na uso wa ardhi. Maji ya mvua ya miaka mingi iliyopita huzama katika nyufa, hukutana na joto lile, na hubaki huko chini yakichemka bila njia ya kutokea. Mafundi hutoboa shimo jembamba lenye kina ambacho huweza kufika meta 3,000. Kinachopanda ni mchanganyiko wa mvuke na maji, ambao huko chini joto lake katika visima vingine hupita nyuzi 300. Juu ya ardhi mvuke hutenganishwa na maji. Mvuke hupelekwa kuzungusha mashine ya kufua umeme, na maji hurudishwa ardhini ili akiba isiishe. Kazi hiyo hufanyika usiku na mchana, masika na kiangazi.

Wapo wanaosema Olkaria ndiyo ya kwanza Afrika kutumia joto la ardhi. Haki ya historia ni ya Kiabukwa, katika Katanga, ambako katika miaka ya 1950 mtambo mdogo sana, usiofika hata robo ya megawati moja, uliendeshwa kwa maji ya chemchemi ya moto ili kusaidia kazi za migodi. Lakini Kiabukwa ulikuwa mshumaa. Olkaria ni kituo cha taifa.

Nacho hakikupatikana kwa urahisi. Visima viwili vya kwanza vilitobolewa mwaka 1956, navyo havikutoa mvuke wa kufaa. Kazi ikalala. Ilifufuliwa katika miaka ya 1970 kwa msaada wa Umoja wa Mataifa, na ilikuwa katika siku zile zile za mafuta kupanda bei. Mtambo wa kwanza, wa megawati 15, uliwashwa mwaka 1981. Wa pili mwaka 1982. Wa tatu mwaka 1985, jumla zikawa megawati 45. Halafu kwa karibu miaka kumi na mitano hapakuongezwa kitu. Sababu kubwa ni fedha. Kisima kimoja hugharimu mamilioni ya dola, na mwenye kukichimba hajui kama atapata mvuke au shimo tupu. Mfanyabiashara huogopa kamari ya namna hiyo. Ukame wa mwaka 2000 ndio uliowaamsha watu usingizini, na mwaka 2008 serikali ikaunda shirika lake maalumu la kuchimba visima, ili hasara ya shimo tupu ibebwe na taifa zima. Uamuzi huo, pengine kuliko mtambo wowote, ndio uliobadili mambo.

Baada ya hapo mitambo ilifuatana. Kituo cha pili kilianza mwaka 2003. Mwaka 2014 na mwanzoni mwa 2015 ziliongezwa megawati 280. Ikafuata mingine mwaka 2019 na mwaka 2022. Leo Kenya ina uwezo wa kufua megawati zaidi ya 900 kwa mvuke, na kama sehemu nne katika kila kumi za umeme wake wote hutoka ardhini. Mto ukikauka nchi huumia, lakini haizimiki kama zamani.

Hata hivyo, mvuke nao una wenyewe juu yake. Ardhi ya Olkaria ni malisho ya Wamaasai tangu kabla ya mtambo wowote. Mwaka 1984 sehemu yake ilifanywa Hifadhi ya Hell's Gate, na kadiri visima vilivyoongezeka ndivyo malisho yalivyopungua. Mwaka 2014, kwa ajili ya kituo kipya, jamaa zaidi ya mia moja walihamishiwa mahali pengine. Walijengewa nyumba, shule na zahanati. Lakini wengi wao walilalamika kwamba barabara ni mbovu, ardhi ina makorongo, hati za ardhi zimechelewa, na baadhi ya waliostahili wameachwa nje ya orodha. Malalamiko hayo yalifika Benki ya Dunia na Benki ya Uwekezaji ya Ulaya, ambazo zilikuwa zimekopesha fedha za mradi. Wakaguzi walikuta makosa ya kweli, wasuluhishi wakaitwa, na makubaliano yakafikiwa mwaka 2016. Ni vizuri kwamba jambo hilo lilimalizwa mezani. Polisi anayepelekwa kulinda bomba la mvuke katikati ya watu wenye kinyongo hulinda kwa shida, maana bomba ni refu, na macho ya wenyeji ni mengi kuliko ya askari.

Kisha kuna nyaya. Umeme uwe wa mto, wa dizeli au wa mvuke, lazima upite katika nyaya, na hapo ndipo mambo makubwa huangushwa na madogo. Tarehe 7 Juni 2016, tumbili mmoja alipanda juu ya paa la kituo cha Gitaru, akaanguka juu ya transfoma. Transfoma ilizimika, mashine nyingine zikaelemewa mzigo, na zaidi ya megawati 180 zikapotea kwa mkupuo. Kenya nzima ikawa gizani kwa saa kadhaa. Kituo kilikuwa na ua wa waya wa umeme wa kuzuia wanyama, na tumbili hakuusoma. Yeye mwenyewe alinusurika, akakabidhiwa kwa watunza wanyama.

Tumbili anaweza kuchekwa. Lililotokea tarehe 11 Januari 2022 halina kicheko. Nguzo za chuma za njia kubwa ya umeme itokayo Kiambere kuja Nairobi zilianguka, na nchi ikazimika tena. Uchunguzi ulionyesha kwamba vyuma vya nguzo vilikuwa vimefunguliwa na wezi. Mtu amefungua boliti na kukata vyuma ili akauze kwa kilo kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, na kwa fedha ya mlo wa siku chache amezima hospitali, viwanda na mamilioni ya nyumba. Siku chache baadaye serikali ya Kenya ilipiga marufuku biashara ya vyuma chakavu, na haikuifungua tena mpaka mwezi Mei mwaka huo, kwa masharti ya leseni. Waliokuwa wakifanya biashara hiyo kwa haki walikaa miezi bila chumo kwa makosa ya wengine.

Mambo haya sasa si ya Kenya peke yake. Tangu mwaka 2022 umeme wa mabwawa ya Ethiopia huingia Kenya kwa njia yenye urefu wa kilometa zaidi ya 1,000, hadi Suswa, mwendo mfupi kutoka Olkaria. Mwezi Desemba 2024 iliwashwa njia nyingine ya kilovolti 400, kutoka Isinya kusini mwa Nairobi, kupita Namanga na Arusha, hadi Singida. Kwa njia hiyo mvuke wa Bonde la Ufa na maji ya Bwawa la Julius Nyerere katika Mto Rufiji, lenye megawati 2,115, vimeunganishwa. Upande mmoja ukipungukiwa, mwingine waweza kuukopesha. Kadhalika hitilafu ya upande mmoja, isipozuiwa kwa wakati, yaweza kuvuka mpaka bila paspoti.

Nguzo za njia ile zimesimama porini, kilometa kwa kilometa, katika nchi za wafugaji pande zote mbili za Namanga. Mtu wa kwanza kuona boliti iliyofunguliwa huenda akawa kijana achungaye ng'ombe, na wa pili akawa askari wa doria atakayemsikiliza.