Sweta Kuukuu la Sufu Lisitupwe



Kipupwe kinakaribia. Kwa wakazi wa Njombe, Makete na maeneo mengine ya nyanda za juu, miezi ya Juni hadi Agosti huja na baridi kali, na alfajiri nyingine sakitu hutanda juu ya majani. Ndiyo miezi ambayo baadhi ya familia huingiza jiko la mkaa chumbani na kufunga madirisha. Mkaa unaowaka hutoa gesi ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, nayo huua watu wakiwa usingizini. Twasisitiza: mwili uvikwe, jiko libaki nje.

Kuuvika mwili si lazima kugharimu sana. Sweta la sufu lililotoboka viwiko laweza kuzaa kofia, skafu na glavu za mtoto. Lakini sokoni, kila sweta zito huitwa sufu. Kwa hiyo tusome lebo kabla ya kulipa: WOOL, WOLLE au LAINE ni sufu, ACRYLIC na POLYESTER ni nyuzi za viwandani. Lebo ikiwa imekatwa, tumwombe muuzaji uzi mmoja kutoka kwenye tundu, tuushike kwa koleo na kuuchoma. Sufu hunuka kama nywele zilizoungua na kuacha majivu yanayosagika. Nyuzi za viwandani huyeyuka na kuganda kama ushanga mgumu. Zikiyeyuka mwilini, hunata kwenye ngozi ya mtoto aliyesogelea moto.

Sweta likishapatikana, lifuliwe kwa maji ya moto na sabuni, likisukwasukwa kwa mti hadi lisinyae. Magamba madogo ya nyuzi za sufu hushikamana, kitambaa kikawa kizito, wala hakifumuki kikikatwa. Lenye neno SUPERWASH halisinyai. Hilo lipindwe kingo zote.

Likikauka, tuchore kiganja juu ya mkono wa sweta, tuongeze sentimeta 1 kila upande, tukate vipande viwili na kuvishona. Pindo la chini linalovutika lifae kuwa mdomo wa kofia, kwani hubana bila mpira. Mavazi ya mtoto mchanga yasiwe na vifungo vya kung'oka wala kamba ya shingoni.

Na muuzaji akisema ni sufu, moto ukakanusha, tuna haki ya kurudisha sweta mezani na kuondoka na fedha zetu.