Chale za Ishango na Vijiti vya Napier: Mhadhara juu ya Uvumbuzi na Wanaoupokea



Mwaka 1950, mjiolojia wa Kibelgiji aitwaye Jean de Heinzelin de Braucourt alikuwa akichimba Ishango, pale mto Semliki unapotoka katika Ziwa Edward na kuelekea kaskazini. Mahali hapo ni katika teritwari ya Beni, ndani ya hifadhi iliyoitwa Albert wakati ule na ambayo leo ni Virunga. Katikati ya chusa za mifupa na mabaki ya samaki alipata kipande cha mfupa chenye urefu wa sentimita 10 hivi, kimechomekwa kijiwe cha kwatzi kwenye ncha moja, na ubavuni mwake zimekatwa chale 168 katika safu tatu. Tangu siku hiyo kipande hicho kimebebeshwa mzigo mkubwa. Wako waliokiita mashine ya kwanza ya kuhesabu, wako waliokiita kalenda ya mwezi, na wako wanaoapa kwamba namba tasa zilijulikana ziwani kwetu maelfu ya miaka kabla ya Wagiriki. Nitaupima mzigo huo, na kipimo changu kitakuwa maisha na kazi ya mtu aliyeishi mbali sana na Semliki: John Napier wa Merchiston, Mskoti aliyezaliwa mwaka 1550 na kufa mwaka 1617. Hoja yangu ni kwamba uvumbuzi wa hesabu haukai ndani ya kifaa. Unakaa katika mafundisho yanayofuatana na kifaa, na kwa watu wanaoyapokea, kuyajaribu na kuyapitisha mbele. Napier aliwapata watu hao na tunawajua kwa majina. Huenda aliyechonga mfupa wa Ishango naye alikuwa nao, ila kwake mnyororo umekatika, na sisi tunaoupenda mfupa ule ndio tunaopaswa kuwa wa kwanza kukiri hivyo.

Napier hakuwa mwalimu wa hesabu wala hakupata kushika kiti cha chuo chochote. Alikuwa mwenye ardhi, mtoto wa baba aliyekuwa na miaka 16 tu alipomzaa. Alipelekwa chuo cha St Andrews akiwa na miaka 13, akaondoka bila shahada. Maisha yake yalijaa kesi za mashamba, ugomvi wa majirani, na vita vya dini kati ya Waprotestanti na Wakatoliki. Kitabu alichokithamini kuliko vyote hakikuwa cha hesabu. Kilikuwa ufafanuzi wa Ufunuo wa Yohana, kilichotoka mwaka 1593, ambamo alipiga mahesabu akakadiria kwamba dunia ingekwisha kati ya mwaka 1688 na 1700. Kitabu hicho kilisomwa sana na kutafsiriwa katika lugha kadhaa. Mwaka 1596 aliandika orodha ya silaha za siri za kuilinda nchi yake: vioo vya kuchoma meli za adui, gari lililofunikwa pande zote la kubebea wapiganaji, vyombo vya kusafiri chini ya maji. Mwaka uliofuata alipewa haki ya pekee juu ya parafujo ya kunyonya maji katika machimbo ya makaa ya mawe. Majirani walimdhania mchawi, jambo ambalo halitamshangaza mtu wa milima yetu.

Katika msongamano huo wote, kuna kazi moja aliyoifanya kimyakimya kwa miaka karibu 20. Wanajimu na mabaharia wa zama zake walikuwa wakizama katika kuzidisha na kugawanya namba ndefu, na kosa moja dogo liliharibu kazi ya wiki nzima. Napier alitafuta njia ya kuipa kila namba mwenza wake, ili anayetaka kuzidisha namba mbili ajumlishe tu wenza wao, kisha atazame katika jedwali jawabu limeangukia wapi. Wenza hao ndio logi. Kitabu chake cha Kilatini cha mwaka 1614 kilikuwa na kurasa 57 za maelezo na 90 za majedwali. Mwaka 1617, ule aliokufa, alitoa kingine juu ya vijiti vyake vya kuhesabia, ambavyo watengenezaji walivichonga kwa mbao, mifupa, hata pembe za ndovu. Kila kijiti kina namba moja juu, na chini yake vizidishi vyake hadi mara tisa, makumi na mamoja yakitenganishwa kwa mstari wa mshazari. Ukitaka 425 mara 6, unapanga kijiti cha 4, cha 2 na cha 5, unasoma mstari wa sita: 24, 12, 30. Unajumlisha kufuata mshazari, unapata 2550. Muuza duka asiyejua jedwali la kuzidisha angeweza kuifanya kazi hiyo. Katika kitabu hichohicho Napier alionyesha namna ya kuhesabu kwa kete juu ya ubao wa sataranji, kila nyumba ikiwa na thamani maradufu ya iliyotangulia: 1, 2, 4, 8, 16 na kuendelea. Naomba mlikumbuke neno hilo, maradufu, maana tutakutana nalo Ishango.

Lakini tazameni nini kilizifanya logi kuwa hesabu ya dunia nzima. Henry Briggs, aliyefundisha jiometri London, alikisoma kitabu cha mwaka 1614, akafunga safari hadi Edinburgh mwaka 1615, akakaa kwa Napier mwezi mmoja. Alikuja na pendekezo: mfumo ungekuwa mwepesi zaidi kama ungejengwa juu ya kumi. Napier, aliyekuwa amezeeka na kuchoka, alikubali. Yeye mwenyewe alikuwa amekwisha kuwaza jambo kama hilo. Briggs alirudi mwaka uliofuata, na mwaka 1617 akachapa logi za namba 1000 za kwanza, kila moja kwa tarakimu 14 baada ya nukta. Edward Wright alitafsiri kitabu kwa Kiingereza kwa ajili ya mabaharia. Mwana wa Napier, Robert, alihakikisha maelezo ya jinsi majedwali yalivyotengenezwa yanachapishwa mwaka 1619, baba akiwa kaburini. Johannes Kepler alizitumia logi katika majedwali yake ya sayari ya mwaka 1627. Huo ndio mnyororo.

Na tuna ushahidi wa upande wa pili. Jost Bürgi, fundi saa wa Kiswisi aliyefanya kazi Kassel na Prague, alitengeneza majedwali ya namna hiyohiyo bila kujua kazi ya Napier. Alichelewa kuyachapa hadi mwaka 1620, na alipoyachapa, maelezo ya matumizi aliyoyaahidi hayakutoka pamoja nayo. Msomaji alikabidhiwa kurasa za tarakimu bila mlango wa kuingilia. Maelezo hayo yalikuja kuchapishwa katika karne ya 19, wakati hakuna tena aliyeyahitaji. Bürgi hakuwa na akili pungufu kuliko Napier, na mimi binafsi namwona kuwa fundi mkubwa zaidi. Kilichomponyoka ni wapokeaji.

Sasa turudi kwetu. Safu moja ya mfupa wa Ishango ina mafungu manne ya chale: 11, 13, 17, 19. Safu ya upande mwingine ina 11, 21, 19, 9. Safu ya kati ina mafungu manane: 3, 6, 4, 8, 10, 5, 5, 7. Jumla ya kila safu ya pembeni ni 60, na ya kati ni 48. De Heinzelin mwenyewe, katika makala ya mwaka 1962, aliona katika safu ya kati mchezo wa kuzidisha kwa mbili, yaani 3 na 6, 4 na 8, 10 na 5. Katika safu moja ya pembeni aliona kumi na ishirini zikiongezwa au kupunguzwa moja. Katika ya pili, namba tasa zote zilizo kati ya 10 na 20. Alexander Marshack, katika kitabu cha mwaka 1972, aliupinga mchezo huo akasema chale zinafuata siku za mwezi. Baadaye Claudia Zaslavsky, mwandishi wa kitabu maarufu juu ya hesabu za Afrika, alipendekeza kwamba aliyefuata siku hizo huenda alikuwa mwanamke aliyekuwa akihesabu siku zake.

Tatizo ni kwamba namba chache zilizo ndogo hukubali karibu kila kisa. Naweza kuongeza cha kwangu hapahapa. Katika safu ya namba tasa, 11 na 19 ni 30, na 13 na 17 ni 30. Katika safu nyingine, 11 na 19 ni 30, na 21 na 9 ni 30. Jozi nne, zote thelathini, karibu na urefu wa mwezi! Inapendeza, na ni kweli kwa hesabu. Lakini siwezi kusema mchongaji alikusudia jozi hizo kwa sababu tu mimi nimeziona. Madai ya namba tasa yana udhaifu mkubwa zaidi. Namba tasa ni ile isiyogawanyika ila kwa moja na kwa yenyewe, kwa hiyo anayezitambua lazima awe na fikra ya kugawanya iliyokomaa, na mfupa hauonyeshi kugawanya popote, isipokuwa kama tutaihesabu nusu ya 10. Mafungu 5 na 7 ya safu ya kati hayaingii katika mchezo wa maradufu. Chale zenyewe hazilingani urefu wala mwelekeo. Kinachobaki baada ya kuchuja ni kwamba mtu fulani alikata alama kwa makusudi, akaziweka kwa mafungu, akaacha nafasi kati ya fungu na fungu. Huko ni kutunza kumbukumbu nje ya kichwa, na si jambo dogo.

Umri wa mfupa nao unatufundisha. De Heinzelin alikadiria kwamba watu wa Ishango waliishi kati ya miaka 9000 na 6500 kabla ya Kristo, akafikiri kwamba ujuzi wao wa namba ulishuka kwa kufuata mito hadi Misri, ambako waandishi walizidisha kwa njia ya maradufu. Utafiti wa miaka ya 1980 ulisogeza umri huo hadi miaka 20,000 na zaidi iliyopita. Wengi walishangilia: mfupa wetu umekuwa wa kale maradufu! Hawakuona gharama yake. Mafunjo ya hesabu ya Ahmes wa Misri yana miaka 3,500 na kidogo tu. Kila tunapousogeza mfupa nyuma, pengo kati yake na Misri linapanuka, na kwa sasa halina daraja. Kuzidisha kwa mbili kunaweza kuzaliwa mara nyingi mahali pengi; Napier hakuhitaji Mmisri wala mvuvi wa Semliki ili kuupanga ubao wake wa sataranji.

Najua pingamizi litakalotoka ukumbini: je, huku si kumpa Mskoti kila kitu na kumnyima Mwafrika? Jibu langu ni kuwa kipimo ni kilekile kwa wote. Vioo vya Napier vya kuchoma meli sivihesabu kuwa uvumbuzi, maana hatuna ushahidi kwamba kuna aliyevijenga na kuvitumia. Mwisho wake wa dunia sitausema zaidi. Mfupa wa mbwamwitu uliopatikana Moravia mwaka 1937, wenye chale 55, nauuliza maswali yaleyale ninayouuliza wa Ishango. Na kama tunatafuta uvumbuzi usio na shaka, bonde letu linao: chusa za Katanda, kandokando ya Semliki hiyohiyo, zilizotangazwa mwaka 1995 na timu ya Alison Brooks na John Yellen kwa kadirio la miaka 90,000 hivi. Meno ya chusa yanajieleza. Samaki akichomwa hachomoki. Hakuna anayehitaji kitabu cha maelezo. Tena chusa zinaonekana tena Ishango, miaka mingi baadaye, na hapo angalau tunaweza kuzungumza juu ya ufundi uliofundishwa na kupokewa. Chale hazijielezi namna hiyo, na ndiyo maana nawaheshimu wavuvi wa Katanda kwa uhakika kuliko ninavyomheshimu mwanahesabu wa Ishango.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi. Mafundisho si lazima yaandikwe. Wazee wetu walipitisha elimu kwa mdomo, na mchongaji huyo angeweza kuwa na wanafunzi kumi. Nakubali kabisa. Sisemi kwamba hakujua. Nasema sisi hatuwezi kujua alijua nini. Hayo ni mambo mawili. Anayeyachanganya huishia ama kumdharau mtu wa kale au kumtungia maneno, na yote mawili ni kumkosea adabu. Wala tusidai kwamba aliyeuchonga alikuwa Mnande, Mhema au Mtwa. Miaka elfu ishirini haina kabila.

Basi hapo linakuja suala ambalo wanafunzi wanaliuliza kila mara: mfupa uko Brussels, katika taasisi ya kifalme ya sayansi za asili, je, urudi? Mimi nasema ndiyo, ila swali hilo limeulizwa nusu. Ukirudi peke yake ndani ya sanduku la kioo, utakuwa kama majedwali ya Bürgi, tarakimu bila maelezo. Pamoja nao zinatakiwa chusa, mifupa ya samaki, michoro ya tabaka za udongo, daftari za uchimbaji, na mfupa wa pili wenye chale kutoka Ishango hiyohiyo ambao hauzungumzwi sana. Na huku kwetu anatakiwa mtu wa kuvipokea: mwanafunzi anayeweza kupima kina cha chale kwa darubini, kutofautisha jiwe moja la kukatia na lingine, na kusema kama mafungu yote 16 yalikatwa siku moja au kwa miaka. Jibu la swali hilo moja lingetuambia kama tunatazama hesabu iliyokusudiwa tangu mwanzo au alama zilizoongezwa kidogokidogo, na halihitaji kabila wala fahari ya taifa, bali maabara.