GARI LA UKUBWA WA KATI NA NJIA ZETU ZA MASIKA

(Mazungumzo yaliyotolewa kwenye semina ya makatibu wa vyama vya msingi, Dodoma)



Nimetakiwa na Bodi nizungumze juu ya jambo ambalo limezua maneno mengi katika mikutano ya vyama vyetu tangu mavuno yaliyopita, nalo ni gari. Vyama kadhaa vimependekeza kwamba Chama Kikuu kinunue Toyota Land Cruiser Prado ya watu 7, iliyokwisha kutumika Japani, na gharama yake igawanywe kwa vyama vyote kwa kadiri ya mazao ya kila kimoja. Kabla ya pendekezo hilo kufikishwa kwenye Mkutano Mkuu, Bodi iliona ni vema gari lenyewe lipimwe. Tuliazima moja kwa muda wa siku 4 mwezi Februari, tukaenda nalo Kondoa, Bahi na Mpwapwa. Haya nitakayoyasema ni yale niliyoyaona, pamoja na yale ambayo kila mwenye kutunza magari huyajua.

Kwanza tuelewane juu ya jina. Siku hizi kila gari lililoinuka kidogo huitwa foo-wili, na mwanachama akiona Harrier imesimama mbele ya benki hudhani kwamba nayo ingeweza kumfikisha shambani kwake. Harrier ni gari la mjini lililovalishwa mwili mkubwa. Haina chasi ya peke yake, wala haina giya nzito za kutokea kwenye tope. Prado ni kitu kingine. Mwili wake umekalishwa juu ya chasi ya chuma, magurudumu yote manne huvuta wakati wote, na iko giya nzito ambayo huongeza nguvu ya mvuto zaidi ya mara mbili, pamoja na kifungio cha difu ya kati. Tumbo lake liko juu ya ardhi kwa sentimita 22 hivi, na kiwanda hulikubalia kupita katika maji ya kina cha sentimita 70. Kwa hiyo wale wanaosema kwamba Prado ni gari la fahari tu hawalitendei haki.

Safari ya Kondoa ilithibitisha hayo. Barabara ya Dodoma hadi Babati, ambayo wazee tuliokuwapo tunaikumbuka kwa vumbi na makorongo, ilifunguliwa kwa lami mwaka 2018, na juu ya lami hiyo gari lilikwenda kwa utulivu kama mtu aliyeketi barazani kwake. Tulipoacha lami na kuingia njia za kandokando, za mchanga na mawe, springi zake za mviringo ziliyameza mashimo vizuri. Wakaguzi wawili tuliokuwa nao walishuka jioni wakiwa na nguvu ya kufungua vitabu. Nani kati yetu angeweza kufanya hivyo baada ya kusafiri kwa Land Rover 109 ya zamani, yenye springi za bapa, ambayo ilimwachia abiria maumivu ya mgongo kwa siku mbili?

Juu ya injini nitasema kwa urefu kidogo, kwa sababu hapa ndipo wanunuzi wengi hupotea. Prado nyingi zinazotoka Japani zina injini ya petroli ya lita 2.7. Ni injini imara, isiyo na mambo mengi, lakini gari lenyewe lina uzito wa zaidi ya tani 2, na uwanda wetu uko juu. Mji wa Dodoma uko kiasi cha mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, na injini isiyo na tabo, yaani ile feni inayoisukumia hewa, hupoteza takriban sehemu moja ya kumi ya nguvu zake kwa kila mita 1,000 za kupanda. Lile tuliloazima lilikuwa la petroli. Katika milima ya Bereku dereva alikuwa akirudisha giya kila mara, na mshale wa mafuta ulikuwa ukishuka huku sisi tukiutazama. Prado za dizeli za lita 3 zina tabo, zina mvuto mkubwa kwa mwendo mdogo, na hunywa mafuta kwa kiasi zaidi. Lakini nazo zina masharti yao. Nozeli zake ni za mtindo mpya, hurusha dizeli kwa mgandamizo mkubwa mno, na dizeli yenye maji au taka huziua. Tumekwisha kupata hasara ya namna hiyo katika gari letu jingine, kwa sababu ya mafuta yaliyouzwa kwenye madumu kando ya njia. Aidha, injini hiyo ya lita 3 ina mkanda wa taimingi ambao ni lazima ubadilishwe kwa wakati wake, na mkanda ukikatika, injini nzima imekwenda. Anayenunua gari lililotumika bila kujua mkanda ulibadilishwa lini ananunua mbuzi ndani ya gunia.

Sasa nije Bahi. Ndugu zangu wa huko mnaujua udongo mweusi wa mbuga. Ukiwa mkavu hupasuka, ukinyeshewa hugeuka sabuni. Tuliacha lami asubuhi baada ya mvua ya usiku, na hatukufika hata kilometa 4. Kosa lilikuwa letu. Tairi zilikuwa za lami, nyororo, na zilijaa udongo zikawa kama chapati. Dereva naye aliingia topeni kwa giya ya kawaida, akakumbuka giya nzito baada ya gari kukalia tumbo. Tulikaa hapo kwa saa 3, mpaka vijana wenye jozi mbili za ng'ombe walipotuvuta. Waliomba chai tu, nasi tuliona aibu kutoa chai tu. Nilichojifunza ni kwamba tairi za matope, pampu, jeki ndefu na koleo ni lazima vihesabiwe katika bei ya gari. Vyama vyetu huviona kuwa ni nyongeza ya baadaye, na baadaye hiyo haifiki.

Hata hivyo, shaka yangu kubwa haihusu tope. Tujiulize gari hili tunalitakia nini. Tunavuna zabibu mara mbili kwa mwaka, na mavuno ya mwanzo huangukia kati ya Februari na Machi, wakati wa mvua. Ubwiri unga ukiingia shambani, mkulima anahitaji salfa na afisa ugani mara moja. Akichelewa, vichala vinapasuka na kuoza, na mwanachama aliyekopeshwa pembejeo na chama chake anabaki na deni bila zabibu. Chombo tunachokitafuta ni cha kuwafikisha watu na mzigo kwa pamoja katika siku hizo.

Haya, tupige hesabu. Prado ya watu 7 hubeba kiasi cha kilo 600, watu na mizigo pamoja. Watu 7 wenye kilo 70 kila mmoja ni kilo 490. Zimebaki 110, yaani mifuko miwili ya mbolea na kilo kumi za vikolombwezo. Na hiyo mifuko miwili itawekwa wapi? Viti vya nyuma vikisimamishwa, nafasi iliyobaki ni ya vikapu. Tukilaza viti, tumebaki na gari la watu watano ambalo limebeba salfa ndani, pale pale wanapovutia pumzi. Mtu mmoja katika msafara wetu alisema mizigo ifungwe juu ya paa. Nilimjibu kwamba gari refu lenye mzigo juu, kwenye kona za Kibakwe, ni jambo la kuwaachia wasio na watoto.

Tulipokuwa tukipita Kongwa kwenda Mpwapwa niliwakumbusha vijana habari za mradi wa karanga wa Waingereza, ulioanza mwaka 1947 na kukomeshwa mwaka 1951. Walileta matrekta mengi, mengine yakiwa ni vifaru vya vita vilivyogeuzwa, na ardhi ya Kongwa ikayashinda. Mashine hizo hazikuwa mbaya zilikotoka.

Upande wa fedha, gari lililotumika likizidi umri wa miaka 8 hutozwa ushuru wa ziada wa uchakavu, na bei tunayoonyeshwa kwenye matangazo si ile tutakayolipa gari likitoka bandarini Dar es Salaam. Tena, chama kikikopa ili kuchangia, mkopo huo unaingia katika ukomo wa madeni, ambao hupitishwa na Mkutano Mkuu na kuidhinishwa na Mrajis. Chama kidogo kitakachotumia ukomo wake kwa gari kitakosa nafasi ya kukopa pembejeo msimu huo huo. Naomba makatibu mwaeleze wanachama wenu jambo hili kwa lugha nyepesi kabla ya kura kupigwa.

Kwa maoni yangu, Chama Kikuu kinunue Hilux ya dizeli yenye kabini mbili. Injini zake ni zile zile za Prado za dizeli, hivyo fundi anayeijua moja anaijua nyingine, na spea zake hupatikana Dodoma mjini bila kuagiza. Huchukua takriban kilo 900. Ukitoa watu watano, inabaki nafasi ya mifuko 11 ya mbolea, na salfa inakaa nyuma, nje ya pumzi za watu. Ina ubaya wake, nao ni kwamba ikiwa tupu nyuma huruka na huteleza upesi, na magurudumu yake ya mbele yasifungwe kuvuta ukiwa juu ya lami kavu. Wakaguzi watalalamika juu ya migongo, na nitawasikiliza. Kama Mkutano Mkuu utashikilia Prado, basi iwe ya dizeli, ya watu watano, yenye daftari la matengenezo linalosomeka, na anayeikagua awe fundi wetu, asiwe muuzaji.

Nimeleta daftari la safari zile 4, lenye kilometa, lita za mafuta na gharama za kila siku, pamoja na chai ya wale vijana wa Bahi. Liko mezani kwa mhasibu. Katibu anayetaka kunakili kwa ajili ya mkutano wa chama chake afanye hivyo kabla ya chakula cha mchana, kwa kuwa jioni linarudi masjala.