Mzee wa Koboko na Malipo ya Uzeeni
Mazungumzo yaliyosomwa mbele ya wanachama na wageni wao



Zamani askari wa Keya waliotoka Arua, Koboko na Aringa walimtumikia Mfalme wa Uingereza, wengine wakafika hata Burma katika vita vilivyokwisha mwaka 1945, kisha wakarudi kwao kuzeeka chini ya miembe. Siku hizi mambo yamepinduka. Wako wana na wajukuu wa watu wale waliofanya kazi Uingereza kwenyewe, na mvi zimewakuta huko huko. Kwa baadhi yao safari ilianza mwaka 1979, serikali ya Idi Amin ilipoanguka na watu wa West Nile wakavuka mipaka kwenda Sudan na Zaire. Mzee atakayetajwa hapa si mtu mmoja. Ni wazee wengi waliovishwa kanzu moja.

Huko Ulaya uzee huja kwa barua. Tangu mwaka 2020 mtu hakupata pensheni ya serikali mpaka atimize miaka 66, na umri huo ulipangwa uendelee kupanda. Barua ikifika, mzee huambiwa kwamba kazi imekwisha, sasa apumzike. Asubuhi ya kwanza huamka alfajiri kama desturi yake, akasali, akavaa, akanywa chai, kisha akaketi akitazama mlango. Koboko hakuna mzee anayestaafu. Hupandishwa cheo tu. Huitwa kuamua mpaka wa shamba, kusikiliza maneno ya mahari, kumpa mtoto jina, hata kutazama mbuzi anayeuzwa kama umri wake ndio ule asemao mwenye mbuzi. Jioni huwa amechoka kuliko kijana aliyelima. Uingereza hana budi kupumzika, tena peke yake, na kazi hiyo ni ngumu.

Lakini hapewi upweke mtupu; hupewa na kadi ya kupanda basi bure. Nje ya London, siku za kazi, kadi hiyo kwa kawaida haikubaliwi kabla ya saa tatu na nusu asubuhi. Basi wazee wa Kiingereza hukusanyika kituoni mapema, na gari likifika saa tatu na dakika ishirini na tano humwuliza dereva, “Je, nimewahi mno?” Wameuliza hivyo miaka mingi hata madereva wakawapa jina la utani kutokana na maneno hayo hayo. Mzee wa Koboko hustaajabu. Maisha yake yote amejua basi linaloondoka likisha jaa. Hakujua kwamba liko pia basi linalomngojea mtu akomae kwa dakika tano.

Kituoni hapo hujifunza na salamu. Kwao mtu huulizwa habari za nyumbani, za watoto, za shamba, na za yule mgonjwa wa juzi, ndipo shughuli itajwe. Hapa mmoja husema kwamba hali ya hewa ni mbaya, mwenziwe hukubali, na mazungumzo yamekwisha. Isidhaniwe kuwa ni utovu wa adabu. Huenda mvua ndiyo jamaa wa pekee wanayemjua wote wawili.

Jua nalo lina tabia zake. Arua iko karibu na mstari wa Ikweta, na magharibi yake haihami sana mwaka mzima. London, mwezi wa Disemba, Magharibi huingia kabla ya saa kumi za alasiri, na mzee aliyekwenda dukani baada ya chakula cha mchana huweza kukuta Alasiri imempita na taa zimewashwa barabarani. Mwezi wa Juni jua huzama baada ya saa tatu za usiku. Ramadhani ya mwaka 2015 iliangukia siku hizo, na waliofunga Uingereza walikaa saa 18 na zaidi bila tonge, hali ndugu zao wa Arua walikuwa wameshafuturu, wamesali Tarawehe, na wengine wamelala.

Kwa hiyo haishangazi kwamba mzee huyu, akiisha kuhesabu siku zake, huanza kuzungumza habari ya kurudi. Hapo mzaha hupungua.

Pensheni ya Uingereza humfuata mtu popote aendapo, lakini haikui popote. Mtu akikaa Uingereza huongezewa kila mwaka. Akihamia Mauritius au Jamaica huongezewa pia, kwa sababu ya mapatano baina ya serikali. Akihamia Uganda, malipo yake husimama pale pale yalipokuwa siku aliyoondoka. Aliyerudi Koboko mwaka 2000 na pensheni kamili ya msingi alikuwa akipata paundi 67 na nusu kwa wiki. Mwaka 2025 jirani yake aliyebaki Uingereza alipata paundi 176 na peni 45, naye wa Koboko zile zile 67 na nusu, wakati sukari, sabuni na nauli ya kwenda Kampala hazikumngojea. Wazee wa nchi mbalimbali walilipeleka jambo hili mbele ya mahakama ya Strasbourg, wakashindwa mwaka 2010. Sheria imesema, lakini uadilifu wake ni mgumu kuonekana: mchango wa mtu wa Koboko haukukatwa pungufu kwa sababu moyo wake ulikuwa Koboko.

Tena kuna dawa. England mtu wa miaka 60 hupewa dawa alizoandikiwa na daktari bila kulipa. Koboko dawa ya sukari na ya shinikizo la damu mara nyingi hutoka katika mfuko wake. Wengine hujaribu kuishi kotekote, miezi huku na miezi kule. Lakini ile nyongeza wanayopewa wazee wenye kipato kidogo hukatika kwa kawaida mtu akikaa nje zaidi ya wiki nne, na wiki nne hazitoshi hata kuwazungukia jamaa wa Arua, sembuse wa Koboko na wa ng’ambo ya mpaka. Kinyume chake, aliyehamia Uganda akija Uingereza kumwona binti yake aweza kudai kiasi kipya kwa siku za ziara hiyo. Akipanda ndege kurudi, hurudi na kiasi cha zamani.

Wapo waliorudi hata hivyo, nao hawaonekani kujuta. Hao hupelekewa hati kutoka Uingereza, kuulizwa kama bado wako hai. Asiyeirudisha malipo yake yaweza kusimamishwa. Hati hiyo hutaka shahidi mwenye kazi ya heshima, kama mwalimu, daktari au kiongozi wa dini, ambaye si jamaa yake. Mashahidi wa uhai wake hawapungui. Baraza nzima iko tayari kuapa, kwani asubuhi ile ile imemsikia akigombana juu ya bei ya mbuzi. Ila kumpata Koboko mwalimu au imamu ambaye si jamaa yake, hapo huweza kupita wiki mbili.